Réchaud ya Mama Asia

Kazi mbili, 10 juin 2025

Baridi ya Kapata, mtaa yetu, inakata masikio. Leo ku meza yangu ya soko ya Manika nimetengeneza ma-réchaud ine, majiko ya umeme. Ya mwisho ilikuwa ya Mama Asia, jirani yetu — mara ya tatu! Waya yake ya ndani, ile yenye kujipindapinda na kuwaka nyekundu, ilikatika tena. Nikatoa kipande yenye kuungua, nikafunga ncha mbili pamoja. Kupima? Sikupima. Mama Asia alikuwa amesimama pale na kelele yake: Mignonne, unga ya bitumbula inavimba ku beseni, batu banangoja, fanya mbio! Nikafanya mbio.

Kazi ine, 12 juin

Mama Asia amenisifu mbele ya avenue nzima, batu bote ba njia yetu. Eti sasa mafuta inapata moto mara moja, bitumbula inaiva hata hajamaliza kuigeuza. "Huyu binti anapita banaume!" Nikacheka. Sifa nikapokea yote.

Lakini réchaud haiongezeke nguvu bure. Nilijua. Nikajiambia: nitaipima kesho.

Siku ya posho, 14 juin

Moto! Saa mbili ya asubuhi.

Courant ya Mama Asia inatoka ku boîte ya umeme ya Tata Kyungu, fundi jirani, yule anasouder milango ya chuma, anaiunganisha na moto. Waya inapita ku ukuta wake, inaingia jikoni kwa Mama Asia. Iliwaka pale ku ukuta, ikakimbia mpaka ndani, ikashika rideau ya dirisha. Mama Asia akavuta rideau na mukono wake. Mukono wa kuume umeungua mpaka ku kiwiko. Eh Mungu wangu!

Kyungu alikuwa anasouder saa ile ile. Basi avenue yote ikapata jibu: ni mashine yake, inavuta courant sana. Mi nilibeba maji pamoja nabo.

Siku ya Mungu, 15 juin

Sikuenda misa. Mama Asia alinitumia réchaud, eti niangalie kama itapona.

Nimepima waya yake: ohms 22.

Ilipokuwa mupya niliipima pia, iko ku buku yangu. Volts 220, ampères 5. 220 gawanya kwa 5, résistance, ile kizuizi ya waya, ni ohms 44. 220 mara 5, puissance, nguvu yake, ni watts 1100. Muzuri. Sasa 220 gawanya kwa 22, inavuta ampères 10. 220 mara 10 — watts 2200. Mara mbili! Kila nilipokata kipande waya ilifupika, résistance ikashuka, courant ikapanda. Njo ule moto wa bitumbula alionisifia.

Na waya ya ukuta ni ile nyembamba ya taa. Inavumilia ampères 6. Najua, sababu ni mi nilimufungia. Courant ya mashine ya Kyungu haipite mule hata kidogo.

Nimerudia hesabu mara tano. Inaonyesha mi tu.

Kazi moya, 16 juin

Tata Kyungu amekuja kwetu. Ni yeye alinionyesha kushika fer à souder, chuma ya kuunganisha waya, wakati nilimaliza masomo na bafundi bengine banacheka: mwanamuke na courant! Alisimama ku mulango, kofia mukononi. "Mwanangu, kuja upime mashine yangu. Nataka kujua."

Nikaenda, nikapima. Volts 220, ampères 14. Watts 3080. Akaangalia ile chiffre, akakaa chini ku ciment.

"Basi ni mi," akasema.

Pale! Pale njo ningesema. Kinywa ilifunguka. Nikasema: ni chiffre kubwa, Tata. Hiyo tu! Sijue nani alisema vile na sauti yangu.

Akaniambia ataomba Mama Asia pardon, ataacha kazi, ataenda kwa bandugu yake ku Musumba, kijijini, alime mihogo. Kule courant hakuna, hatachoma mutu. Akajaribu kucheka. Mi ni muoga. Muoga mubaya.

Kazi mbili, 17 juin

Saa kumi. Niko naandika juu ya magoti, ku lupango, uwanja ya nyumba ya Tata Nkongolo, chef wa avenue. Ameita batu bote. Ameazima ubao ya masomo, na craie ya kuandikia. Ananiambia: wewe njo unajua hesabu, uandike pale tuone, tumalize hii mambo.

Niko na karatasi moja. Mbele: mashine ya Kyungu, 3080. Nyuma: réchaud, 2200. Nikiandika ya mbele tu, sitasema uongo hata neno moja. Batu bataona 3080, bataguna, itaisha. Njo ile inanitesa. Nikiandika ya nyuma, nani ataniletea tena réchaud ku Manika? Na Mama Asia nitamuangalia na macho gani?

Kyungu amefika. Amevaa costume yake ya misa. Mashine ameileta ku chariot ya kusukuma, imefungwa na kamba, sawa mutu wa kusafiri.

Mama Asia anakuja kukaa karibu na mi. Bandage mpaka ku kiwiko. Ananiinamia ku sikio: réchaud yangu usiisahau, mwanangu. Mukono ikipona narudi ku kazi. Ila ufanye ikuwe na moto sawa ile ya mara ya mwisho.

Tata Nkongolo ananiita. Ananiita tena. Batu banageuka kuniangalia. Mi bado naandika tu.

Kyungu ameona nachelewa. Anasimama yeye. Anavua kofia. "Mama Asia," anasema, "unisamehe—" Naacha kuandika hapa: nashika craie, nageuza karatasi upande wa nyuma.