Shati la Nakaloke Nililolitia Kwenye Kavera

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumatatu, maana siku hiyo naitwa mahakamani na sijui nitasimamaje. Mimi ni polisi hapa Mbale, kazi yangu kuchukua vielelezo, na mwaka jana mwenye duka mmoja aliuawa Nakaloke, nikakuta shati lenye damu nyuma ya duka, mvua inanyesha, glavu zimekwisha, bahasha za karatasi hamna, basi nikaliokota kwa mikono mitupu, bichi vile vile, nikalitia kwenye kavera ya plastiki niliyoomba kwa muuza chapati, likakaa stoo wiki tatu kwenye joto mpaka likaota ukungu, ndipo likapelekwa maabara. Ripoti ikarudi kwamba vinasaba vimeharibika, vimebaki vipande, tena vimechanganyika vya watu wasiopungua watatu: marehemu mwenyewe; Wahab, aliyekuwa mpagazi wa duka lile, ambaye eti hawezi kuthibitishwa kuwa ndiye wala kuondolewa; na wa tatu hajulikani. Bosi wangu, Afande Gaster, anasema Wahab ndiye muuaji na huyo wa tatu ni mwenzake, sasa wamemfunga na Rajab, mdogo wake Wahab, wakidai ndiye huyo wa tatu. Akaniita: "Wewe Daphine, andika tu ulivaa glavu, uliweka kwa bahasha. Korti itajua nini?" Nikamwambia, "Hapana afande, siandiki." Ameniahidi uhamisho wa mbali nikizidi kukataa, na mume wangu huku nyumbani Nkoma ananisihi nisaini yaishe, lakini siwezi kushika Biblia niapie bahasha ambayo haikuwepo, na kusema mbele ya watu kwamba nilikosea pia naona aibu. Je, Jumatatu nijifanye mgonjwa?

Daphine, Mbale

Daphine mwanangu,

Mgonjwa? Wewe uliyemwambia afande hapana machoni pake, leo unataka kujificha chini ya blanketi? Acha mchezo.

Kwanza nikugombeze. Shati bichi kwenye kavera! Sare ya mtoto ukiisahau hivyo siku mbili inanuka, sembuse damu wiki tatu? Ungelianika kivulini, ukalifunga kwenye karatasi safi. Ila stoo isiyo na bahasha si kosa lako peke yako, na hiyo "siandiki" yako nimeisoma mara mbili kwa furaha.

Sasa nisikilize. Ulilishika kwa mikono mitupu. Maabara walichukua mate yako wakalinganisha? Hujasema, nami nadhani hapana. Basi huyo mtu wa tatu, ambaye Rajab amefungwa kwa ajili yake, huenda ni wewe.

Kesho asubuhi andika maelezo mapya: mvua, mikono mitupu, kavera, wiki tatu. Baki na nakala. Yapeleke mwenyewe kwa mwendesha mashtaka, usiyapitishe kwa Gaster, na udai mate yako yapimwe. Mumeo mwambie anayelala rumande si yeye. Uhamisho ukija, funga masufuria uende.

Jumatatu piga sare pasi. Wakiuliza ni nani mwingine aliyeligusa shati lile, jibu kwa sauti mpaka Rajab asikie: mimi.