Faili ya Safari ya Kisumu

Mama Akinyi,

Bwana Mwangi ameipata faili yetu. Nilitaka nianze kwa kukujulia hali, lakini sijui mtu hujuliwaje hali huko uliko, kwa hivyo naanza na habari yenyewe.

Huyu ndiye aliyeletwa kukaa kwenye kiti chako. Ni mtu mpole, anavaa sweta hata jua likiwaka. Ameamua kwamba masjala yetu imejaa mno: faili zilizokufa zipelekwe stoo ya Ruiru, zilizo hai zibaki hapa Thika. Jumatatu alikuwa akipita rafu kwa rafu, mimi nyuma yake na rejista, na nilijua anakoelekea kabla mkono wake haujafika. Akaivuta. "Wangui, hii 'Ziara za Magharibi' ni kazi gani?"

Unakumbuka nilivyoifungua. Wewe ulikuwa unapiga hadithi tu saa ya chakula, ukila omena zako, wale dagaa wa ziwani, huku Beatrice wa mapokezi akifungua madirisha yote kwa matusi ya heshima. Ulisema ungependa siku moja unipeleke Kisumu, twende na kurudi siku hiyo hiyo. Nikasema tupange vizuri. Nikaandika karatasi moja, kisha ya pili, na kwa kuwa siwezi kuona karatasi mbili zimelala bila jalada, nikachukua jalada la ofisi, nikalipatia namba na kuliandikisha kwenye rejista kama faili nyingine yoyote. Ulipogundua ulicheka hadi ukashika meza. "Nyathina, hata raha unaipa namba?" Tangu wiki yangu ya kwanza uliniita nyathina, mtoto wangu, na sikukwambia kamwe nilivyolipenda jina hilo.

Lakini uliingia mchezoni. Kwenye ile karatasi ya mbele, tunakoandikiana maagizo ya kazi, ulianza kunijibu kwa sahihi yako kamili, kama vile mkurugenzi angekuja kusoma.

Nilitengeneza ratiba ya basi. Tutoke Ruiru tunakokaa alfajiri, tufike Kisumu saa nane mchana, basi la kurudi saa tisa. Nikakuonyesha kwamba tungekaa huko saa moja tu. Ukaandika pembeni: "Saa moja inatosha. Tunaenda kuuona mji, hatuendi kuununua."

Nilikuuliza mara nyingi kwa nini tusilale. Ulikuwa unageuza maneno. Siku moja tu ulinieleza, tukipanga barua, bila kuniangalia. Mumeo alipofariki ulikataa kurithiwa na shemeji yako. Ulichukua Akinyi mgongoni ukaja kutafuta kazi huku, na tangu siku hiyo kuna nyumba usizoweza kuingia bila maneno. "Nikilala Kisumu usiku mmoja, kesho yake simu italia. Nitaulizwa nimelala kwa nani. Nikirudi siku hiyo hiyo, nimepita tu, na mpita njia haulizwi." Ulisema hivyo ukitabasamu, na kwa mara ya kwanza niliona tabasamu lako lilikuwa kazi.

Na ulichotaka kuona hakikuwa kikubwa. Baba yako alikuwa akifunga kamba za meli bandarini. Jumapili baada ya ibada aliwapandisha nyinyi watoto hadi mtaa wa Milimani, mnakaa kwenye mteremko mkiangalia bandari huko chini, na aliwaonyesha jinsi mabehewa ya treni yanavyosukumwa hadi ndani ya meli, moja baada ya jingine, kama ng'ombe wanaoingia boma jioni. Mimi nilibisha. Msichana wa Ngoliba ambaye maji mengi aliyoyaona ni ya mtaro, nikabishana nawe kuhusu meli. Nilisema treni haiwezi kuingia ndani ya meli, meli itazama. Ukaandika kwenye faili: "Mshukiwa ataonyeshwa ushahidi."

Ulitaka pia tupande kilima cha Riat, kule juu zaidi, ambako ulisema mji mzima, ziwa na bandari vinakaa mbele yako kama chakula kwenye sinia.

Bwana Mwangi aliposhika faili ile ningeweza kudanganya. Nilifungua mdomo nikiwa na uongo mzuri kabisa. Badala yake nilimwambia ukweli wote, nimesimama, nikijua nimeandikisha mchezo katika rejista ya ofisi na kwamba mtu amewahi kufutwa kazi kwa makosa madogo kuliko hayo. Alikaa akasoma. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, akicheka kwa pua mahali fulani, nadhani pale pa mshukiwa. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu.

Mama Akinyi, nililazimika kusimama pale na kukumbuka mwandiko wangu. "Mvua ni nyingi, tungoje Agosti." "Agosti kuna ukaguzi." "Nimesoma habari za ajali ya basi, tufikirie tena." "Likizo yangu bado haijatosha." Na baada ya kila moja, wewe: "Sawa, nyathina. Tarehe?" Wewe ndiye uliyekuwa na sababu ya kuogopa mji ule, na miaka mitatu yote ni mimi niliyeahirisha.

Akafika mwisho. Akageuza faili ili niione. Maneno yako ya mwisho, wiki mbili kabla maumivu yale ya kichwa yaliyokuondoa hayajakuanza: "Mimi niko tayari. Wewe je?" Chini yake hakuna kitu.

"Na mbona haijajibiwa?" Bwana Mwangi akauliza.

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anavyouliza kuhusu barua yoyote. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi.

Kuna jambo jingine ambalo lazima nikwambie mimi mwenyewe, hata kama Akinyi alikwisha kukwambia kwa njia anazojua yeye. Sikuja kukuzika. Ofisi ilikodi basi, watu wakajaa, nami nikasema lazima mtu abaki masjala. Hakuna aliyenituma kubaki. Niliogopa ile njia ndefu, niliogopa kaburi, niliogopa kukuona ukishushwa kwenye boma la wakwe zako, ng'ambo ya Kisumu, pale pale ulipokataa kurithiwa. Beatrice aliporudi hakunilaumu. Alisema walipokaribia Kisumu dereva alisimama kidogo, watu wakashuka kunyoosha miguu, na ziwa lilikuwa huko chini limetulia. "Ungekuja tu, Wangui," akasema. "Tungekushika mkono." Wewe ulipita Kisumu siku ile, na mimi nilikuwa Thika nikipiga mihuri.

Basi nimejibu. Nimeandika chini ya maneno yako: "Niko tayari. Jumamosi." Kisha nikajaza fomu ya likizo ya Ijumaa, nipate siku ya kujiandaa, maana unanijua. Bwana Mwangi alitia sahihi akiwa anaongea kwa simu. Sahihi ya likizo niliyoisingizia miaka mitatu haikuchukua hata muda wa kufunga kalamu.

Nitakwenda kwa ndege. Ndiyo, mimi. Ya asubuhi, na nirudi na ya jioni, kwa hiyo badala ya saa moja nitakuwa na mchana mzima. Nilipomwambia mama yangu kwenye simu, akasema, "Wewe unayepanda ngazi kwa sababu unaogopa lifti?" Halafu akaanza kuomba papo hapo, kwa Kikuyu, kwa sauti, akitaja kila sehemu ya ndege anayoijua. Anajua mbili.

Nimeshapanga. Nikitua nitaanza Milimani, nitafute mteremko unaotazama bandari. Akinyi amenichorea ramani kwa kalamu ya risasi, lakini anasema hana hakika na kona moja, maana wewe mwenyewe ulikuwa ukimweleza tofauti kila mara. Kisha nishuke kwa miguu hadi karibu na bandari kadiri nitakavyoruhusiwa, niulize mtu mzima yeyote kuhusu mabehewa. Mchana nile samaki mzima, kwa mikono, nisiulize anaanziwa wapi. Baadaye Riat, kwa boda boda. Nimesoma kwamba barabara inapanda kweli kweli. Nimeisoma mara nne.

Sijalala vizuri tangu Jumatatu. Jana nilitoka kazini nikakuta nimebeba mhuri wa ofisi mkobani badala ya simu. Ruiru ni ile ile, nyumba uliyokuwa umepanga sasa ina kijana anayefuga kuku kwenye roshani, na kanisani kiti chako wanakikwepa bila kusemezana. Beatrice ameacha kufungua madirisha saa ya chakula. Juzi nilileta omena, akaja akakaa karibu, akala na mimi, akasema zina chumvi nyingi.

Bwana Mwangi ameuliza faili iende stoo au ibaki. Nimemwambia angoje hadi Jumatatu.

Pumzika, Mama Akinyi. Pumzika hata mahali ulipolazwa, na usijali simu ya mtu. Nisamehe kwa kuchelewa. Ninakuahidi kwamba Jumamosi nitapanda ndege ile, na kama nitakuwa ninatetemeka nitapanda hivyo hivyo. Na yale nitakayoyaona sitayaandika popote. Nitakwambia nikiwa juu kule Riat, kwa mdomo wangu, hata kama watu wananitazama.

Mimi mwanao,
Wangui