Sara, Usifagie Uwanja

Alute na Sara,

Uji wa mama nimeubeba kwenye chupa. Wenu uko jikoni, upasheni. Alute, ng'ombe watoke mapema. Sara, ~~fagia uwanja~~ usiguse ufagio kabisa.

Ndiyo, bado nina hasira. Jumatatu mama alipopanda bodaboda kwenda hospitali mjini kuanza dripu za saratani, ulifagia nyayo zake hata vumbi la pikipiki halijatulia. Mtu akisafiri, uwanja haufagiliwi siku hiyo. Nilikwambia, ukanicheka.

Leo alfajiri nimefungua mlango, nyayo zake zipo. Ni za pekupeku, na mguu wa kushoto umeburuta vilevile anavyotembea yeye. Zimetoka barabarani, zikapita zizini kwa ng'ombe, zikaingia chumbani kwake. Za kutoka nimezitafuta mpaka kwenye alizeti. Hakuna.

Nikampigia nesi. Anasema mama anapumua, ila tangu jana jioni hajafumbua macho. Halafu akanigombeza: nani alimtoa nje bila viatu, mbona shuka limejaa vumbi jekundu?

Naenda kukaa naye. Chumba chake msikifunge. Mkipita mlangoni mwamkieni shikamoo kama kila siku, hata asipoitikia. Sara, uanze wewe, na umwombe radhi. Kisha mwambieni taratibu kwamba dripu bado nne, arudi hospitali. Mimi nitakuwa nimemshika mkono.

Dada yenu