Kitabu Ulichosema Umekisoma

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa dukani kwetu, mlango nimeurudishia. Siku hizi kila anayeingia namtazama mikono kabla ya uso.

Kesi yako imefutwa. Hakimu alisema marehemu hashtakiwi. Sasa wananiita mimi, Jumatatu, nieleze kitabu cha aibu kilifikaje kwenye rafu yetu. Mpelelezi aliniambia, "Binti, sema tu mzee ndiye aliyejua kilichomo. Yeye hafungwi tena." Upole wake siuamini.

Nimefungua shajara yangu. Siku vitabu vile vilipoletwa ulikuwa Sengerema msibani. Nimeandika: "Mtu nisiyemjua kaleta vitabu kumi vya mitumba, kasema walishaelewana na Baba. Kimoja kina jalada jekundu. Nimevivika vyote karatasi ya kaki na kuandika majina juu." Sikuvisoma, Baba. Ulinifundisha kuvika kwanza, kwa sababu vumbi halisubiri. Polisi walikichukua kikiwa ndani ya kaki.

Jana jirani yetu Masalu, mwenye banda la video, alikuja tena kunipa pole. Akakalia kiti chako. "Kile kitabu chekundu ndicho kilichommaliza mzee. Funga, mwanangu. Hapa mimi nitaweka deki ya pili."

Nikamshukuru. Alipotoka nikayaandika maneno yake yalivyo. Nani alimwambia ni chekundu? Labda polisi waliibandua kaki. Labda. Lakini walipokuja kupekua hawakupekua. Walikwenda moja kwa moja rafu ya chini.

Na wewe, Baba! Walipokuuliza kama unajua kilichomo, ungesema hujui. Ukanyoosha mgongo: "Hakuna kitabu kinachouzwa hapa ambacho sijakisoma." Wakakuweka mahabusu, na kifua ulichotoka nacho kule ndicho kilichokuondoa. Nilikukasirikia hata kaburini. Nilidhani ni majivuno yale yale ya kuwatania wateja, "Nunua, mwisho wake nitakusimulia bure."

Jana ndipo nilipokumbuka. Kabla ya kujibu ulikitazama kile kitabu mezani, kwa muda. Juu ya kaki palikuwa na mwandiko wangu.

Jumatatu nitasema: mwandiko ni wangu, kitabu sikukisoma, na Baba hakukisoma. Kisha nitawauliza Masalu aliijuaje rangi. Wakinifunga, funguo za duka ziko kwa Mama.

Pumzika, Baba. Safari hii usinijibie. Nitajibu mwenyewe.

Mwanao,
Kabula