Samaki Wasiotuliwa na Nzi

Mantapala, mwanzo wa mwezi wa tisa

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana. Ninaomba barua hii ikukute umekaa vizuri, miguu haijavimba, na kile kikohozi kimeondoka pamoja na baridi. Dawa ya asubuhi unainywa kabla ya kula, kama walivyokuambia, ao umeanza tena kuisahau? Na ile kuku yako nyeusi, imeacha kutagia chini ya kitanda? Mimi huku niko muzima wa mwili. Habari ya roho utaisoma.

Najua utashangaa kuona barua, wakati tulisemezana kwa simu juzi tu. Lakini simu yako, Mama, unaisikiliza inje kwa sauti kubwa, na Kilwa nzima, huko ng'ambo ya ziwa, inasikia pamoja nawe. Haya ninayoandika ni ya macho yako peke yako. Nimemupa Webby, mwenye boti la kuvukisha watu, naye ameahidi kuiweka mukononi mwako na si kwa mutu mwingine.

Nianze na yaliyokuwa mazuri, kwa sababu yalikuwapo. Shule ilipofunga mwezi wa nane, sauti yangu ilikuwa imekauka kwa kupigia watoto kelele, maana darasa langu linajaa mpaka dirishani. Yaya Yolande, kama dada mukubwa anavyopaswa, akanipigia simu. Akasema nije kwake Nchelenge, kando ya ziwa, nikae kongé yote ya shule, nisiguse sufuria wala ufagio. Alisema tangu tukimbie vita hajaniona nikipumzika hata siku moja, na hapo alisema kweli.

Basi nikaenda. Baridi ilikuwa imekwisha. Njia yote kutoka hapa kambini, miombo ilikuwa imetoa majani mapya, na unajua yanavyoanza: hayaji na rangi ya majani, yanakuja mekundu, mengine kama shaba, mengine kama divai ya meza ya Bwana. Mvua haijaanguka hata tone, lakini miti inakuwa imeshachangamuka. Nilishuka garini nikiwa nacheka peke yangu kama mutoto.

Siku za kwanza niliishi kama binti wa tajiri. Niliamuka jua likiwa juu. Nilikunywa chai ya maziwa na mukate wa siagi. Muchana nilitandika mukeka kando ya maji, upepo wa ziwa ukinipuliza usoni, nikaangalia boti zikielekea kisiwani, nikasinzia, nikaamuka, nikasinzia tena. Yaya alinisuka nywele polepole, tukicheka mambo ya zamani. Jioni tulikula ugali wetu wa bukari na pale wa kukaanga, wale samaki wapana, waliotoka majini siku ile ile. Nililamba vidole. Nikajisemea, kumbe hivi ndivyo watu wengine wanavyopumzika. Leo nikikumbuka vile vidole, mate yananijaa mudomoni, na si mate ya hamu. Ni yale yanayotangulia kutapika.

Unajua kazi ya Yaya na mume wake Octave. Wananunua chisense kwa wavuvi, wale samaki wadogo kama ukucha, wanawaanika na kuwatia mifukoni. Wananunua pia samaki wakubwa, wanawapasua na kuwakausha. Siku moja nikasema nimupelekee Yaya maji ya kunywa kule anakoanika, maana nilichoka kulala tu.

Jirani yake pale ni mwanamuke mumoja wa Kibemba, anaitwa Chola, mujane. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini alinisalimia kwa mikono miwili na kunipa kiti chake. Kwake nzi walikuwa wengi. Alikuwa akiwafukuza kwa tawi, akinung'unika, anawafukuza huku wanatua kule. Nikageuka kuangalia samaki wa Yaya. Hakukuwa na nzi hata mumoja. Mama, nilifurahi. Nikafikiri, dada yangu ni musafi, dada yangu anajua kazi.

Kisha nikaangalia chini. Kandokando ya turubai nzi walikuwa wamelala, wafu, weusi, wengi, kama majani ya chai mutu aliyoyamwaga. Nikainama kunusa samaki. Harufu ikanipanda puani na kunichoma machoni. Ilikuwa dawa ya mende, ile inayouzwa chupani, yenye picha ya fuvu.

Nikazunguka nyuma ya stoo. Yaya alikuwa amefunga kitambaa puani na mudomoni. Mugongoni alikuwa na bomba la kunyunyizia mboga, akiipitisha dawa juu ya samaki taratibu, safu kwa safu, kama mutu anayemwagilia maua. Matone yaling'aa juu ya macho ya wale samaki. Na ndani ya kile kitambaa alikuwa akiimba wimbo wa kwaya.

Nilimuuliza anafanya nini. Hakushituka. Alishusha kitambaa, akacheka kidogo, akasema, "Usiogope. Hii haiko ya kwetu. Ya kwetu iko mu nyumba, mu kitunga."

Nikamuuliza hii ni ya nani.

Akasema, "Hii inaenda ku kambi. Kule batu banakula tu."

"Yaya," nikamwambia, "na miye niko mutu wa kule."

Aliniangalia, Mama, kama mutu aliyesahau kitu na hataki kukikumbuka. Kisha akapandisha kitambaa na kuendelea kupiga bomba. Nilimwaga yale maji niliyomuletea, nikaenda kutapika kando ya maji, mbele ya watoto waliokuwa wakioga.

Jioni ile Octave aliomba baraka ya meza. Maombi marefu, akimushukuru Mungu kwa kazi ya mikono. Mimi nilikula bukari kavu. Aliponiuliza kwa nini sigusi samaki, nilisema yote. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonichukiza zaidi. Alicheka. Alitoa mwiba katikati ya meno, akaufuta kwenye kitambaa cha meza, akaanza kunifundisha kama mutoto wa darasa la kwanza: kwamba si yeye peke yake, kwamba hakuna aliyekufa, kwamba jua linamaliza ile dawa yote na isitoshe watu wanaosha samaki kabla ya kupika. Nikamuuliza, kama jua linaimaliza, kwa nini basi ya nyumbani imewekwa mbali katika kitunga? Akaomba apewe maji. Nilikuwa nikiangalia mudomo wake unavyong'aa mafuta, na nilijua siwezi kukaa tena meza moja na ule mudomo.

Kesho yake Yaya alinifuata mukekani. Sitaki kumusema kwa ubaya tu, Mama, maana alilia. Alinieleza kwamba mwaka wa kwanza wa biashara funza waliingia katika samaki wao wote, mifuko ikawa inatembea yenyewe, na yeye akawamwaga ziwani kwa sepetu huku watu wamesimama wakicheka, wameziba pua. Siku ile aliapa haitatokea tena. Alisema hakuna aliyemusaidia, na hata mimi nilikuwa wapi? Wewe unajua, tulipokimbia na nikashikwa na malaria njiani, ni yeye aliyenibeba mugongoni mpaka mupakani, na viatu vyake vilikuwa vimekatika. Nilimushika mukono. Nilimwomba aache. Nilimwambia wale anaosema wanakula tu ni watoto ninaowafundisha kusoma, ninawajua majina na wazazi wao.

Aliondoa mukono wake. Akaingia nyumbani, akarudi na kitenge kipya, cha rangi ya majani yale mekundu niliyokuwa nikiyasifu. Akasema nikishone, nikivae siku ya kufungua shule, na mambo ya samaki niyaache pale pale ziwani. Kilikuwa kizuri sana. Nilikiacha kitandani, nikafunga muzigo wangu, nikaondoka kabla kongé haijafika nusu.

Sasa sikia hili. Gari nililopata, lile la mizigo linalopanda Mantapala, lilikuwa limejaa mifuko ya Yaya. Niliijua kwa kamba nyekundu anazofungia. Hakukuwa na mahali pengine pa kukaa. Nilisafiri nimekalia wale samaki njia nzima, harufu ikipenya nguo yangu, na kando ya njia ile miti mizuri, na mimi nimeziba mudomo kwa mukono. Sikuona uzuri wowote.

Sokoni hapa aliyekuwa akingojea mifuko ile ni jirani yangu Fidélie, ambaye nimekwisha kukuambia habari zake, anayeuza chisense kwa vikombe. Kabla sijashuka vizuri alikuwa amefungua mufuko mumoja kuangalia. Binti yake mudogo, Sagesse, akachota kidogo na kutia mudomoni, kama watoto wanavyofanya. Nilimupiga mukono, Mama. Nilimupiga kwa nguvu, nikamushika taya na kumutoa samaki mudomoni kwa kidole changu. Mutoto akalia, soko zima likanigeukia, na Fidélie akaniuliza kama nimerogwa huko ziwani. Nilimwambia anuse. Alinusa. Akakaa chini juu ya muchanga na kuuliza atauza nini sasa, na nani atamuamini tena, maana watu wamekula kwake muhula wote.

Muhula wote, watoto wangu walikuwa wakishika tumbo darasani. Sijui kama ilikuwa samaki, ao maji, ao njaa, na sitasema nisichokijua. Lakini niliwakaripia. Nilifikiri wanatafuta njia ya kukimbia hesabu.

Yaliyofuata umeyasikia kwa Yaya mwenyewe. Watu wa afya walifika Nchelenge, wakafungua stoo, wakachukua samaki wa kupima, wakachoma waliobaki, na Octave ameitwa kujibu. Umesikia pia kwamba aliyewachongea ni Chola, kwa wivu wa biashara. Yaya anaamini hivyo kabisa. Nimeambiwa Octave alikwenda na watu wake kupindua vitanda vya kuanikia vya yule mujane, samaki wake wakakanyagwa muchangani, na sasa wanawake wa pale hawamuuzii hata chumvi. Wanamwita mulozi.

Mama, si Chola. Ni mimi.

Fidélie aliogopa kwenda katika ofisi ya watu wa afya, kwa hiyo nilikwenda peke yangu, na mufuko mumoja kichwani. Nilitaja jina la dada yangu kwa mudomo wangu, na mama wa ofisi aliposhindwa kuliandika, nilimutajia herufi moja moja. Akaniuliza mimi na mwenye samaki tunajuana namna gani. Nikasema tumetoka tumbo moja. Akaliandika na hilo pia.

Juzi uliponipigia simu, uliomba kwa sauti kubwa kwamba aliyemufanyia mutoto wako mambo haya asipate usingizi wala amani mpaka ajulikane. Ukangoja. Mimi nilisema amina. Kilwa nzima ilikuwa ikisikiliza pamoja nawe, na sikujua namna nyingine ya kumaliza yale maombi. Tangu hapo neno lile limenikaa katikati ya meno kama mwiba wa Octave. Katika yote haya, Mama, ni hiyo amina peke yake ninayokuomba unisamehe. Ya ofisini siombi.

Jumamosi ninashuka Nchelenge. Nitakwenda kwanza kwa Chola, kisha nitamuomba anifuate mpaka kwa Yaya, na nitasema mbele yao wote wawili. Nakuomba usimwambie Yaya kabla. Acha alisikie kwangu. Akinifukuza, nitaondoka. Akinipiga, sitarudisha mukono.

Najua mabati ya nyumba yako yalikuwa yatoke katika faida ya mifuko ile, na mvua iko karibu. Mabati sina. Lakini shule ikifunga tena mwezi wa kumi na mbili nitavuka, nikate nyasi, nifunike mwenyewe kile chumba chako cha kulala, hata kama hutaki kusema nami. Utanipikia majani ya sombe bila samaki.

Siku zilizobaki za kongé ninakaa inje ya nyumba na Fidélie. Ameanza kuuza vitumbua, na Sagesse amekubali tena kukaa karibu nami, ingawa bado anafunika mudomo akiniona ninanyoosha mukono. Majani ya miombo yameanza kugeuka, yanapoteza ule wekundu. Ninayaangalia. Nguo niliyosafiri nayo nimeifua na kuifua, na harufu bado iko.

Usalimie kanisa lote na mama wa kwaya. Usalimie jirani anayekuchotea maji, umwambie Mungu anamuona. Kunywa dawa zako. Ukitaka kunijibu, Webby anavuka tena kabla ya Jumapili. Na ukikaa kimya, nitajua umesoma.

Mimi mutoto wako, mudogo wake Yolande,

Laurentine