Zaituni Ameijua Eda Yako

Dar es Salaam

Kwako dada yangu Mwamini, huko Simbo,

Shikamoo dada. Mwakeye, kama tunavyoamkiana kwetu. Naomba barua hii ikukute unakula, maana nimeambiwa unarudisha sahani kama ilivyoletwa. Mimi mdogo wako mwili ni mzima, mikono ni ile ile iliyomvuta mamba mkia pale Kibirizi, ila moyo umechoka. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kitanda cha mwanao Zaituni hapa hospitali kiko ubavuni mwangu na masikio yake bado ni mazima.

Dada, dawa zimeshindwa. Damu ilikuwa imesafika, nikakutangazia, sasa saratani imerudi. Nilimbana daktari anieleze, akakaa chini akanichorea. Anasema kila chembe ya damu changa ina kiini, na ndani ya kiini kuna protini yenye kazi yake humo. Jeni ndiyo inayotoa maelekezo ya kuiunda. Jeni hiyo kwa Zaituni imeharibika padogo tu, mwishoni. Basi protini inaundwa lakini haikai kwake. Inatoka kwenye kiini inazurura nje, na hata zile zilizo nzima inazivuta nje pamoja nayo. Chembe inakosa utaratibu, haikomai, inazaana tu. Nikamwambia, daktari, hayo kwetu tunayajua: mtumbwi wa taa ukiacha katikati ya nyavu ukaelekea ufukweni, dagaa wote wanaufuata, wavuvi wanabaki kuvuta maji. Aliweka kalamu chini kunisikiliza. Amesema atawafundisha wanafunzi wake hivyo hivyo, sikudanganyi.

Lakini kuelewa kwangu hakujamsaidia mtoto. Ugonjwa huu si wa kurithi wala hakuna aliyemroga, waambie hao wanaokuja kukaa na wewe wakinong'ona. Kilichobaki ni kumpandikiza uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, na matumaini yenyewe ni membamba. Zaituni hana ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo daktari anataka mzazi apimwe.

Zaituni akasikia. Akaniambia nimpigie baba yake. Unajua tangu shemeji azikwe tulikubaliana mgonjwa asiambiwe, na kazi ya maneno nikapewa mimi. Kwa maneno hayo nimempeleka marehemu Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kununua injini ya boti, nikamkwamisha bandarini, nikampa na urafiki na mkuu wa polisi wa kule. Mtoto alikuwa anacheka. Safari hii nikaanza kusema upepo wa ziwani umeangusha mnara wa simu. Akaniacha nimalize.

"Mjomba," akasema, "mama yangu namjua, angekuja hata kwa miguu. Ni nini kinachoweza kumfungia ndani, kama si eda?"

Dada, mnara nikauacha hapo hapo ulipoangukia, nikamwambia ukweli.

Hakulia. Akauliza baba yake alizikwa lini, nikamwambia. Akahesabu kwa vidole siku utakayotoka, kisha akamuuliza daktari kama yeye ataifikia. Daktari akaanza kutafuta kalamu yake, na kalamu ameishika mkononi.

Usisubiri eda iishe. Nimemuuliza shehe wa msikiti ulio karibu na hospitali, anasema kwa dharura ya namna hii mjane anaweza kutoka. Muulize na shehe wetu wa Ujiji, lakini muulize ukiwa umeshafunga mzigo. Njoo na hizo hizo nguo ulizovaa. Dagaa na mawese acha, wewe leta mifupa yako tu. Stesheni nitakupokea mwenyewe.

Nisalimie mama mkwe wako anayekupikia, mpe pole na msiba wa mwanawe. Msalimie fundi cherehani wetu pale Mwanga, suti yangu asiishone kwanza. Na jirani atakayekusomea haya kama macho yako yamevimba, naye nampa salamu, asiruke neno.

Salamu za Zaituni sijaziandika. Nilimwomba anitajie, akakataa. Anasema atakupa mwenyewe, ila uwahi.

Ni mimi mdogo wako,
Kassimu