Zamu ya Jumamosi

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo huko? Baridi inakuachia angalau? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi.

Nina habari. Jana nimerudi kuwaosha wazee nywele! Unakijua chama chetu, hakibadiliki: kila Jumamosi kwenye nyumba ya wazee, wawili wawili, mama na binti yake, mmoja anashika kichwa, mwingine anamimina maji. Tangu uondoke, miaka mitatu nimekaa mlangoni naandika majina ya waliofika. Sasa yule fundi cherehani wa jirani na soko amefiwa na mama yake. Jana alikuja peke yake, akasimama kwenye korido na taulo begani, hajui aingie au arudi. Mwenyekiti akanitazama mimi, akamtazama yeye. "Nyie wawili mnangoja nini?"

Tumeosha vichwa saba. Ana mkono mwepesi kama wako.

Mama yako

19 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima. Kazi ya mikate imetubana, tunasimama kutwa. Nimefurahi umerudi kwenye beseni. Huyo fundi anavaa aproni yangu?

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu, marahaba.

Ndiyo, ile ya bluu. Ilikuwa inaning'inia tu kwenye msumari. Kumbe kuna ubaya?

Mama yako

9 Juni

Mwanangu mpenzi,

U mzima? Nimepiga simu mara mbili, ukasema uko kazini, utanipigia. Barua nazo hakuna. Kama nimekukosea niambie, usininunie. Hata ulipokuwa mdogo, kununa kwako kulinitesa kuliko kelele zako.

Mama yako

14 Agosti

Mama, shikamoo. Goti linaendeleaje?

Nisamehe kwa kimya. Niliona wivu. Mtu mzima wa miaka thelathini na sita, namwonea mtu wivu kwa ajili ya aproni!

Naikumbuka Jumamosi ya kwanza, nina miaka kumi, ukinifundisha kupima joto la maji kwa kiwiko. Unamkumbuka yule mwalimu mstaafu niliyemwingizia povu machoni? Nikasema, "Samahani bibi, povu imeingia." Naye kafumba macho, maji yanamtiririka shingoni: "Povu *limeingia*! Sema vizuri kwanza, ndipo unifute." Ulicheka mpaka ukaweka jagi chini. Sijawahi kukuona ukicheka vile nyumbani.

Nyumbani tulikuwa watoto watano tunakugombania, mama. Pale kwenye beseni ulikuwa wangu peke yangu. Sasa niliposoma kwamba mkono wa mtu mwingine ni mwepesi kama wangu, niliikunja barua nikaitia kabatini.

Binti yako

1 Septemba

Mwanangu, marahaba. Goti lipo, tumezoeana.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikiwa nimekaa kitandani. Acha nami niseme ukweli. Ulipoondoka niliwaambia watu wote nimefurahi, mwanangu kapata kazi. Lakini pale mlangoni nilikuwa nasikia maji yakimiminwa ndani, moyo unaniuma, nainamisha kichwa najifanya naandika.

Na kuna jambo sijakwambia. Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa nimeshika kichwa cha bibi mmoja, nikasema bila kugeuka, "Kitinda, ongeza ya moto." Nimekuita wewe! Nikashtuka, nikaona aibu. Yeye akaitika tu, "Abee, mama," akamimina. Mara nikamsikia analia, nami nikaanza, na bibi wa watu na povu lake kichwani anauliza kama maji yamekatika.

Sijui kama hapo nimekuibia wewe, au nimemwibia marehemu mama yake. Niambie wewe.

Mama yako

12 Septemba

Mama yangu, shikamoo.

Hujamwibia mtu. Nimeisoma barua yako kiwandani wakati wa mapumziko, nikacheka, nikalia, wenzangu wakadhani nimefiwa.

Nimeomba likizo, wamenipa. Nakuja mwezi wa kumi na mbili, wiki tatu. Mwambie mwenyekiti atuandike watatu, na kama ataleta mambo ya kanuni, nitazungumza naye mwenyewe. Ukiteleza tena ukamwita Kitinda, mwache aitike.

Ila hujaniambia jambo moja. Ana miaka mingapi? Nataka nijue mapema, nikifika nimwite dada au mdogo wangu.

Binti yako